Msiniletee Glukosi

Kama wewe ni mtu wa kuamka asubuhi macho yako wazi, ulimi mzima, lakini mikono na miguu imelala kama gunia la mchanga, na jana yake ulikula ukashiba, basi nisikilize mimi kabla hujamsikiliza jirani yako. Usinywe glukosi. Usinywe soda. Usikubali chai ya vijiko vitano. Mtu akikutokea mlangoni na ile pakiti ya glukosi ya kumpelekea mgonjwa, mwambie ahsante, awape watoto wanaocheza mpira nje, kisha mwambie akupeleke hospitali sasa hivi, siyo baada ya kumaliza kusalimiana na nyumba nzima.

Nimeanza na hilo kwa sababu nina hasira, na sitaki hasira inisahaulishe jambo la maana. Sasa naweza kusimulia.

Naitwa Rajabu. Nyumbani ni Kasubi, hapa Kampala, ambako ukoo wetu umekaa tangu babu mmoja alipokuja na biashara kutoka pwani, akaonja matooke, ndizi zetu za kupika, akasahau njia ya kurudi. Kazi yangu iko Wandegeya: nafunga vitabu vya wanafunzi wa chuo kikuu, navivalisha jalada gumu na herufi za dhahabu. Nimefunga vingi kiasi kwamba ukivipanga kimoja juu ya kingine vinafika mwezini na vingine vinabaki vya kukalia. Chuo chenyewe sikukisoma. Sekondari niliimaliza katika shule ya usiku nikiwa na ndevu, dawati moja na askari polisi mmoja na mama muuza samaki, na cheti changu nimekitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Mke wangu, Zaituni, hajanisamehe mpaka leo.

Katika shule hiyo mwalimu wa biolojia alitukatia vipande viwili vya kiazi. Kimoja akakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Kesho yake kile cha maji matupu kilikuwa kigumu kama kidole, kile cha chumvi kimelegea kama ulimi wa ng'ombe buchani. Akatuambia kila chembe hai ina utando, na utando huo una milango: vitu vinaingia, vitu vinatoka, na uhai wote ni biashara ya mlangoni. Yule askari alisema, "Kama kituo chetu." Tulicheka sana. Sikujua kwamba milango yangu mwenyewe ilikuwa mibovu tangu nizaliwe.

Nikiwa kijana ugonjwa ulikuwa unanichezea tu. Baada ya Idd au harusi, asubuhi miguu inakuwa mizito, naiburuta mpaka saa nne, inapita. Walinicheka, wakasema Rajabu akila hana tofauti na chatu. Nami nilicheka nao. Lakini kuna Ramadhani moja, miaka miwili iliyopita, ulikuja kwa ukamilifu wake. Tulifuturu kwa uji wa sukari, mihogo, chapati, ndizi, chai. Mimi peke yangu nilikula sehemu ya kijiji kizima. Nikalala. Jua lilipochomoza nilitaka kumfukuza nzi puani, mkono ukakataa.

Sijui nikwambieje. Siyo maumivu. Siyo ganzi pia, maana nzi nilimsikia vizuri, kila mguu wake. Unauagiza mkono, na mkono umekuwa wa mtu mwingine, umewekwa tu kitandani kwako. Shingo haiinuki. Unaweza kusema, unaweza kulia, unaweza kutukana, na mimi nilifanya yote matatu. Zaituni alinigeuza kama chapati. Alinipeleka haja, mimi mwanamume wa kilo themanini, akaniosha, akaniambia, "Baba Sauda, angalau leo hutaniachia taulo sakafuni." Sauda ni binti yetu. Tulicheka wote wawili, halafu yeye akaenda nje, akakaa huko zaidi kidogo kuliko inavyohitajika kwa mtu anayeanika nguo.

Majirani wakaja na upendo wao. Mtu kaishiwa nguvu, basi apewe nguvu, na nguvu katika Kampala hii huuzwa kwa pakiti. Wao na Zaituni wakanikorogea glukosi kikombe kwa kikombe. Wakaniita mwenye kliniki ya jirani, akanitundikia dripu ya sukari. Kitu ambacho kingepita kabla ya adhuhuri kikanishika mpaka alfajiri ya pili, na pumzi ikawa fupi, navuta hewa kama mtu anayenyonya kwa mrija uliobanwa. Wakasema, bambi, maskini, bila ile dripu angekufa.

Ndivyo tulivyoishi mwaka mzima. Na hospitali? Nilikwenda hospitali mpaka mabenchi yakanijua kwa umbo. Shida ni kwamba nilifika daima baada ya kitu kupita. Unaamka umelala, unasubiri uachiwe, unaoga, unakwenda kupanga foleni kwa miguu yako mwenyewe, nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa na mzee mwenye mguu uliovimba. Unaitwa.

"Unaumwa nini?"

"Asubuhi nilikuwa maiti."

"Na sasa?"

"Sasa nimepona."

Utafikiri nimekwenda kuuza ng'ombe nisiye naye. Walinipima malaria, wakanipa dawa ya malaria. Walinipima taifodi, wakanipa dawa ya taifodi. Mmoja alininusa mdomo akaniuliza nakunywa nini usiku, nikamwambia uji. Mwingine alimwambia Zaituni, mbele yangu, kwamba wanaume wengine hufanya hivi wakichoka na kazi. Nilimeza vidonge ambavyo ukivitupa barabarani vinaziba mashimo yote kutoka Kasubi mpaka Nakulabye. Na kila mahali, kabla sijatoka, walitaka kunitundikia dripu.

Mnaona hasira yangu inakotoka? Bado hamjaona. Nifike kwa baba yangu.

Baba alikuwa na jambo hilihili. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Watu walimwita mvivu, kisha wakamwonea huruma wakasema ana jini. Kaka yake, Baba Mkubwa Shabani, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alimpeleka kwa mtabibu wa majini nje ya mji. Tiba yake ilikuwa kulazwa siku arobaini, na kila alfajiri bakuli la maji ya asali. Baba hakumaliza arobaini. Tuliambiwa jini lilipotoka liliondoka naye. Nikakua na habari hiyo kama watu wengine wanavyokua na habari kwamba baba yao aligongwa na gari.

Sasa mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, Baba Mkubwa alikuja nyumbani, akakataa kiti cha kustarehe, akachagua kigoda. Nikajua pana jambo.

"Rajabu, mwanangu. Idd ikipita tu, kesho yake nakupeleka kwa mtabibu. Mzee amefariki, lakini mwanawe anaendeleza tiba ileile."

"Ileile iliyomuua baba?"

"Baba yako alichelewa kupelekwa."

"Baba Mkubwa, mimi siendi."

"Na ukilala, utanikataza kwa mguu upi?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma. Alikuwa amekwisha kupanga, na alijua mwili wangu uko upande wake. Tulikwenda mpaka kwa shehe wa msikiti wetu, naye akasema dua haikatazi hospitali, lakini Baba Mkubwa alisikia nusu ya kwanza tu.

Zaituni ndiye aliyetafuta daktari mwingine. Ilikuwa mvua za kwanza zimeanza, foleni imejaa miavuli, sakafu ya kusubiria inateleza, na sisi tumekaa mpaka biskuti za Sauda zimeisha. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo, nilidhani ametumwa kuleta chai ya daktari. Akanisikiliza bila kuandika. Kisha akauliza kitu ambacho kwa miaka yote hakuna mtu aliyekiuliza:

"Jana yake huwa umekula nini?"

Nilimtajia. Ilichukua muda.

"Na katika ukoo wenu kuna mwingine?"

Zaituni akamweleza habari za baba.

Daktari akatuambia kwa lugha nyepesi. Katika damu kuna chumvi iitwayo potasiamu. Misuli haifanyi kazi mpaka chumvi hiyo iwe kwa kipimo chake ndani ya chembe na kwa kipimo chake nje. Kwa watu wengine, wachache sana, milango ya utando ina kasoro ya kuzaliwa. Wakila wanga au sukari nyingi, wakapumzika, chumvi hiyo inakimbilia yote ndani, damu inabaki nayo kidogo mno, na misuli inazima. "Inaweza kuuzima hata moyo," alisema. "Ukimwongezea sukari, unazidi kuisukuma ndani."

Nilimtazama Zaituni. Zaituni alikuwa anatazama mikono yake, ile iliyokuwa inanikorogea glukosi.

"Lakini nakisia tu," daktari akasema. "Damu lazima itolewe wakati mwili umelala hivyo. Hali ikipita, kila kitu kinarudi mahali pake, kipimo kinakuwa kizuri, nami naonekana mwongo. Ukishikwa, njoo umeshikwa. Usinywe kitu. Na usiutafute ugonjwa, unanisikia? Mpaka hapo, kula kidogo, acha vitamu."

Basi nikawa mtu wa ajabu, anayesubiri ugonjwa kama anayesubiri mgeni kutoka uwanja wa ndege. Ramadhani nzima nilifuturu kwa mboga na kipande cha samaki, nikikaa kando ya sinia la pilau kama askari wa benki anayelinda hela zisizo zake. Na ugonjwa, kwa ujeuri wake, haukuja. Nilifurahi na nilichanganyikiwa. Bila kipimo, sina kitu cha kumwonyesha Baba Mkubwa, na Idd inakuja, na gari la kwenda kwa mtabibu limekwisha kukodiwa.

Siku ya Idd tulikula kwake. Alinipakulia mwenyewe, akasema mbele ya watu, "Kula, Rajabu. Kesho tunakwenda kuling'oa hilo jambo." Watu wakaitikia amina. Nikala kwa hasira. Nilikula pilau yenye kimo cha Rwenzori, nikala matooke, nikanywa soda, nikaomba nyingine. Zaituni alinikanyaga mguu chini ya mkeka, nami nikaendelea. Sisemi ilikuwa busara. Daktari baadaye alinigombeza mpaka nywele zikanisimama. Wewe usifanye. Nasimulia tu hasira inavyokula.

Asubuhi nilikuwa nimelala, kamili, kuanzia shingo. Na gari lilikuwa mlangoni.

Baba Mkubwa aliponiona alifurahi, Mungu amsamehe. "Limejionyesha lenyewe!" Wakanibeba, wakaniingiza kiti cha nyuma, kichwa changu mapajani mwa Zaituni. Yeye Baba Mkubwa akakaa mbele na dereva, ameshika chupa ya asali, kwa sababu mtabibu alikuwa ameagiza tiba ianze njiani.

"Mwinue kichwa, Mama Sauda. Rajabu, fungua mdomo."

Nilifunga. Katika mwili mzima silaha iliyobaki ilikuwa meno, na niliyabana mpaka taya zikalia. Kijiko kiligonga meno, asali ikanitiririka kidevuni mpaka shingoni. Sikuweza kujifuta. Nadhani hapo ndipo hasira yangu ilipoacha kuwa ya kelele.

"Dereva," Zaituni akasema, "tunakwenda hospitali."

"Dereva, usimsikilize," Baba Mkubwa akasema. "Gari nimekodi mimi."

Dereva, kijana mnene mwenye kofia, akaendelea kuendesha. Kwenye njia panda gari zilisimama kwa foleni. Zaituni akakiweka kichwa changu kwenye kiti taratibu, akafungua mlango, akazunguka, akasimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti, na buibui lake la Idd.

"Kwa mtabibu ni huku?" akapiga kelele. "Nipitieni juu!"

Foleni ikasogea, honi zikaanza. Waendesha boda walisimama kama wamelipwa kutazama. "Nyabo, mama, utakufa!" "Ssebo, bwana, mwanamke amekataa, pinda!" "Nani amekufa humo ndani?"

"Bado!" nikajibu kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti niliyokuwa nayo. "Lakini wananisaidia!"

Wote wakageuza nyuso. Mmoja alichungulia dirishani, akaona mtu mzima aliyelala amepakwa asali kama keki. "Eeh," akasema, "huyu mpeleke hospitali kwanza, siafu watamkuta."

Dereva akamtazama Baba Mkubwa. "Mzee, mimi sitamkanyaga mtu siku ya pili ya Idd." Akapinda kwenda hospitali, polepole, Zaituni akitembea mbele ya gari mpaka alipokuwa na hakika, ndipo akapanda.

Hospitali, sista wa mapokezi aliniona, akafanya alivyofundishwa: akaleta dripu. Zaituni akaidaka chupa, akaisoma, akaikumbatia.

"Mama, rudisha hiyo. Mgonjwa hana nguvu."

"Hii ni sukari. Hataki sukari."

"Wewe ni musawo, daktari?"

"Mimi ni mke wake. Mwite daktari wake, atoe damu kwanza, halafu ukitaka unitundikie mimi hii."

Daktari alikuja anakimbia, kiatu kimoja hakijafungwa. Wakanitoa damu, wakanibandika waya kifuani. Jibu liliporudi, yule binti aliketi pembeni ya kitanda kabla ya kunisomea. Potasiamu ilikuwa chini sana; moyo wangu ulikuwa umeanza kwenda mrama. Walininywesha dawa ya chumvi hiyo, ladha yake kama kulamba betri iliyokaa baharini. Nikanywa, nikapumzika, nikanywa tena. Baada ya adhuhuri kidole gumba cha mkono wa kulia kilitikisika. Zaituni alikishika akakiangalia kana kwamba kimezaliwa.

Kabla sijamaliza na siku ile, niseme yanayonihusu leo, kwa ajili yako uliye katika benchi sasa. Vidonge vyangu mara vinapatikana, mara havipatikani, na famasi wanakuambia "rudi wiki ijayo" kama vile moyo una kalenda. Dawa ya potasiamu usijinywee kwa kukisia. Ikizidi nayo inasimamisha moyo. Kula kidogo kidogo. Nenda umeshikwa, usingoje kupona ndiyo uende. Ukiona chupa ya dripu, uliza ndani mna nini. Wanaweza kukasirika, waache wakasirike, utawaomba radhi ukiwa hai. Na umtafute mtu mmoja anayeweza kusimama mbele ya gari.

Jioni ile Baba Mkubwa alikuwa bado yupo, amesimama mlangoni mwa wodi, chupa ameiacha garini. Nilikuwa naweza kukunja magoti. Daktari akamweleza taratibu, kwa heshima, kama alivyotueleza sisi.

"Na asali?" Baba Mkubwa akauliza.

"Asali ni sukari, mzee."

"Ndugu yangu alipewa asali. Kila alfajiri. Nilikuwa namnywesha mimi, mtabibu alikuwa anachoka." Mzee akashika kofia yake. "Basi. Mungu alikuwa amekwisha kuandika."

"Mungu hakulishika lile bakuli, Baba Mkubwa," nikasema.

Zaituni akanigusa unyayo. "Baba Sauda, basi."

"Sijamaliza. Nimeambiwa tangu utoto kwamba jini lilimchukua baba. Jini gani? Nimepigana na watoto shuleni kwa ajili ya jini hilo. Leo ungenizika mimi, ungewaambia wanangu nini?"

Sitasema nilijisikia vizuri. Sitasema pia kwamba ninajuta.

Daktari, ambaye alikuwa na kazi nyingine mia moja, akauliza kwa upole, "Mzee, jambo hili hutembea katika ukoo. Wewe una watoto?"

Baba Mkubwa akatoa simu yake, akaenda kwenye ujia. Yeye huongea na simu kana kwamba umbali unamtegemea yeye, kwa hiyo wodi nzima ilisikia.

"Musa! Ukila ukashiba jioni, asubuhi unaamkaje? ... Siulizi habari za swala, nauliza miguu! ... Haya. Haya, mwanangu."

Akapiga ya pili. Miguu ya Yusufu ilikuwa mizima, akaulizwa mara tatu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anacheka kwenye mto.

Akampigia Hadija, binti yake wa mwisho, aliyeolewa Namuwongo. Akauliza lilelile, kwa sauti ileile ya mnada. Nilimwona kupitia mlango akiuegemea ukuta, kofia imekaa upande.

"Tangu lini?" akasema, polepole mpaka nilitega sikio. Kisha, "Na kwa nini hukuniambia?"

Mimi kitandani nilijua kwa nini hakumwambia. Yeye naye alijua, maana hakungoja jibu.

"Usinywe chai," alisema. "Wakikupa kitu kitamu, funga mdomo. Nakuja kukuchukua."